Krimu za Peptidi na Jua la Dodoma: Pesa Itangulie Wapi

Katika maduka ya vipodozi ya Dodoma, na zaidi kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mzigo kwa bodaboda, chupa ya mililita 30 yenye neno peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, inauzwa kama jibu la uso uliochoshwa na jua. Mnunuzi huahidiwa mambo matatu: itarudisha kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), itanyoosha makunyanzi, itafuta madoa. Ahadi ya kwanza ina ushahidi kiasi. Ya pili ina ushahidi mdogo. Ya tatu haitokani na kazi ya peptidi zinazouzwa sana, na bahati mbaya hiyo ya tatu ndiyo inayowafanya wateja wengi wa huku wafungue pochi.

Msimamo wetu ni huu: krimu ya peptidi ina nafasi yake, lakini kwa ngozi nyeusi inayoishi chini ya jua la katikati ya nchi, nafasi hiyo ni ya nne kwenye foleni. Mwenye bajeti ndogo akiianza ya kwanza atamaliza chupa mbili tatu bila kuona tofauti, kisha atakata tamaa na kuangukia kitu kibaya zaidi. Kwa hiyo tueleze foleni hiyo, sababu zake, na namna ya kuitumia peptidi vizuri kwa yule ambaye zamu yake imefika.

Jua lenyewe kwanza

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kadiri ardhi inavyopanda ndivyo hewa ya kuchuja miale ya urujuanimno inavyopungua. Makadirio yanayotumika sana ni ongezeko la takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mkazi wa Dodoma basi anaanza siku na nyongeza ambayo mtu wa Bagamoyo hana, na wala haihisi, kwa sababu hewa ya huku ni kavu na upepo unapoza uso. Joto na miale ni vitu viwili tofauti. Asubuhi ya Julai yenye baridi ya sweta inaweza kufuatwa na mchana wenye miale mikali kabisa.

Jua hupita utosini mwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Machi kuna mawingu ya mvua yanayosaidia kidogo. Oktoba hakuna wingu, mvua iliondoka tangu Aprili au Mei, majani yamepukutika, na kivuli kilichobaki ni cha kuta za nyumba. Kipimo cha ukali wa miale kikifika 11 huhesabiwa kuwa kimepita kiasi, na mchana mweupe wa Dodoma unavuka 11 katika miezi mingi. Mtu wa mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi, mama wa genge, trafiki wa barabarani na fundi wa ujenzi kule Mtumba wote wanapokea kipimo hicho usoni.

Kuna jambo moja la saa ambalo wengi hawalizingatii. Kwa kuwa Dodoma iko magharibi ya mstari unaopanga saa zetu, jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Linafika kati ya saa 6:20 na 6:50 mchana, kutegemea mwezi. Maana yake saa nane, wakati watu wengi wanatoka tena baada ya chakula wakidhani jua limeshapinda, bado ni katikati ya saa kali. Kanuni rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale ni mikali. Mwezi Oktoba hiyo ni kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Tena si lazima uwe nje. Miale ya UVA, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya urujuanimno unaofika ardhini, hupenya kioo cha kawaida cha dirisha. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyefanya kazi hiyo miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokaa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito kuliko wa kulia. Kwetu dereva hukaa kulia. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya UVA kwa sababu kina utando katikati, lakini vioo vya pembeni mara nyingi havina. Madereva wa njia ya Dodoma–Singida wajiangalie shavu la kulia.

Kinachotokea ndani ya ngozi

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 1997 kwamba hata kipimo kidogo cha miale, kisichotosha kuunguza, huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni kwenye tabaka la ndani la ngozi. Wakati huohuo utengenezaji wa kolajeni mpya hupungua. Ukarabati unaofuata haukamiliki, na mabaki yake hujilimbikiza mwaka hadi mwaka mpaka yanaonekana kwa macho kama mikunjo, ngozi iliyolegea au ngozi ngumu yenye vinyweleo vipana.

Sasa weka peptidi katika picha hiyo. Peptidi hupeleka ujumbe hafifu kwa seli: tengenezeni kolajeni kidogo zaidi. Jua la kila mchana linatoa amri kali: kateni iliyopo na acheni kutengeneza. Mtu anayepaka seramu (kimiminika chepesi) ya peptidi usiku na kutoka uso mtupu asubuhi anachota maji kwa tenga.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 viliipa ngozi ya watu weusi kinga ya SPF, ile namba inayoandikwa kwenye krimu za kukinga jua, ya wastani wa takriban 13 dhidi ya miale ya UVB inayounguza ngozi, wakati ile ya weupe ilikuwa kama 3. Ni kinga ya kweli, ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa. Lakini 13 haifiki 30 ya krimu ya kukinga jua, na kinga hiyo ni ndogo zaidi kwa UVA. Zaidi ya hapo, ngozi inayotengeneza rangi nyingi hulipa gharama yake kwa rangi: madoa, mabaka ya mashavuni na kwenye paji la uso, rangi isiyolingana kati ya uso na shingo. Kwa mtu wa miaka 45 wa Dodoma, dalili ya kwanza ya jua kwa kawaida ni hiyo, kabla hata mkunjo haujaonekana.

Hapa ndipo matangazo yanapopotosha. Picha za kabla na baada hutoka kwa wanawake wa kizungu wenye makunyanzi ya kuzunguka macho. Tatizo lao na tatizo letu si lilelile. Mabaka ya rangi huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, si urujuanimno peke yake, na peptidi ya kuamsha kolajeni haina cha kuyafanya. Kuna pia vile vinundu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na kuzunguka macho, ambavyo hurithiwa katika ukoo. Wengi huviita alama za jua na kuvipaka kila kitu. Hakuna krimu inayoviondoa. Daktari wa ngozi anaweza kuviondoa kwa kifaa cha umeme, na mara nyingi havina madhara yoyote vikiachwa.

Peptidi inaweza nini

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani kipande kidogo cha protini. Zinazokutana na mnunuzi wa kawaida ni chache, na majina yake kwenye lebo yakizoeleka yanarahisisha kazi.

Palmitoyl Pentapeptide-4 ndiyo yenye ushahidi unaostahili kujadiliwa. Ni asidi amino tano zilizonakiliwa kutoka sehemu ya kolajeni changa, kipande ambacho mwaka 1993 maabara ilionyesha kinaamsha seli kutengeneza kolajeni zaidi. Kimeongezewa mkia wa mafuta ili kipenye ngozi, maana tabaka la juu la ngozi ni la mafuta na hukataa vitu vya majimaji. Hata hivyo uzito wake ni takriban daltoni 800 (kipimo cha uzito wa molekuli), na kanuni iliyopendekezwa mwaka 2000 inasema kitu kinachozidi daltoni 500 hupenya kwa shida sana. Kwa hiyo kinachofika chini ni kidogo.

Mwaka 2005 yalichapishwa majaribio ya wanawake 93 wenye miaka 35 hadi 55. Kila mmoja alipaka nusu ya uso krimu yenye peptidi hiyo, nusu nyingine krimu ileile bila peptidi, kwa wiki 12. Kiasi cha peptidi ndani ya krimu kilikuwa sehemu 3 tu kwa milioni. Upande wa peptidi ulipata nafuu ya mistari midogo, nafuu iliyopimika lakini ndogo. Tunaupenda mpangilio wa majaribio hayo kwa sababu pande zote mbili zilipata unyevu sawa. Tunaweka pia tahadhari mbili: waliyafanya watafiti wa kampuni inayouza vipodozi, na washiriki walikuwa wazungu.

Copper Tripeptide-1 ni asidi amino tatu zilizofungwa na madini ya shaba. Peptidi yenyewe iligunduliwa na Loren Pickart mwaka 1973 katika damu ya binadamu. Ni ndogo, chini ya daltoni 500 hata ikiwa na shaba, na ina rangi ya buluu. Kazi zake maabara zinavutia, hasa katika kupona kwa vidonda, ingawa majaribio makubwa ya usoni ni haba. Ya tatu, Acetyl Hexapeptide-8, hutangazwa kama mbadala wa sindano za kulegeza misuli ya uso. Inalenga mawasiliano ya neva na msuli, ambayo yako chini sana kuliko mahali krimu inapofika, na uzito wake unakaribia daltoni 890. Kwa uzee wa jua tunaiona dhaifu kuliko zote, maana jua haliharibu uso kwa kukunja misuli.

Neno kuhusu asilimia. Chupa ikiandikwa asilimia 10 ya peptidi fulani, mara nyingi hiyo ni asilimia 10 ya mchanganyiko wa kiwandani ambao wenyewe ni maji, gliserini na peptidi kidogo sana. Usilinganishe chupa mbili kwa namba hiyo. Usikasirike pia ukikuta jina la peptidi mwishoni mwa orodha, baada ya vihifadhi. Viambato vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kuorodheshwa kwa mpangilio wowote, na peptidi halisi karibu zote ziko chini ya hapo. Cha kutazama ni kilichotangulia: gliserini karibu na juu ni dalili nzuri, manukato mengi au spiriti karibu na juu ni sababu ya kurudisha chupa kwenye rafu.

Foleni ya pesa

Ya kwanza ni kinga. Majaribio yaliyofanyika Nambour, Australia, yakahusisha watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu, yalionyesha kuwa waliopangiwa kupaka krimu ya kukinga jua kila siku waliongezeka alama za kuzeeka kwa ngozi kwa asilimia 24 chini ya wale waliopaka kwa hiari yao. Hakuna krimu ya peptidi yenye majaribio ya ukubwa huo. Waliohusika ni watu wa ngozi nyeupe pia, hilo lisifichwe, lakini kinga huzuia chanzo chenyewe, na chanzo ni kilekile kwa ngozi zote.

Watu wengi wanaopaka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, hapa Dodoma hupaka kidogo mno. Maabara hupima kinga kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Uso wa mtu mzima una kama sentimita za mraba 600, kwa hiyo unahitaji gramu 1.2. Kwa mkono, hiyo ni mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Shingo na masikio vinahitaji mstari wa tatu. Mwenye kupaka punje moja ya kunde kwa krimu ya SPF 50 anabaki na kinga ndogo sana, kisha anasema sanskrini haimfai. Hesabu inafuata: bomba la gramu 50 likitumika mara moja kwa siku, uso tu, linaisha kwa siku kama 40, mara mbili kwa siku, siku 20. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kinga, na ndiyo sababu tunasema pesa ya peptidi iende huku kwanza.

Kama hata hiyo ni nzito, kofia inaanza. Iwe na ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo huacha masikio, shingo na nusu ya mashavu. Mwavuli wa kitambaa kizito, khanga iliyokunjwa mara mbili, kutembea upande wa barabara wenye kivuli: vyote hivi havina tarehe ya kuisha.

Krimu zenye oksidi ya zinki huacha uso mweupe kama uliopakwa unga, na watu huziacha kwa aibu. Suluhisho ni zenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo pia huzuia ule mwanga unaochochea mabaka. Usipopata inayolingana na ngozi yako, paka sanskrini ya kawaida, subiri ikauke, kisha paka fandesheni yako ya kahawia juu yake. Geuza kopo uangalie namba CI 77491, 77492 na 77499. Hizo ndizo oksidi za chuma. Kwa mwenye mabaka, hatua hii ina thamani kuliko seramu yoyote tunayoijua.

Ya pili ni retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A. Krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05 iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 mahsusi kwa ngozi iliyoharibiwa na jua, na ushahidi wake juu ya makunyanzi unaipita peptidi kwa mbali. Ni dawa ya cheti cha daktari. Ngozi nyeusi ianze chini, asilimia 0.025, punje moja ya kunde kwa uso mzima, usiku mara mbili kwa wiki, kwenye ngozi iliyokauka vizuri. Ikianza kila usiku, ngozi hubabuka, na kila mbabuko kwetu huacha doa jeusi linalodumu miezi. Wajawazito na wanaopanga kubeba mimba wasiitumie.

Ya tatu ni niasinamidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 hadi 5, ya bei nafuu, tulivu, inayosaidia rangi isiyolingana ndani ya wiki 8 hadi 12. Kisha ndipo peptidi.

Yupo anayefaa kuiruka foleni? Wapo. Mwenye ngozi inayokataa retinoidi hata kidogo, mjamzito ambaye kliniki imemzuia dawa nyingine za uso, na mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye ngozi nyembamba na kavu ambaye kinga yake tayari imekaa sawa. Kwa hao peptidi ni chaguo la busara.

Namna ya kuipaka

Kabla ya uso, jaribu mkononi. Paka eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 ndani ya kiwiko, asubuhi na usiku, siku saba. Ikiwasha au kutoa vipele, tatizo mara nyingi ni manukato au kihifadhi, lakini kwako matokeo ni yaleyale: isiende usoni.

Asubuhi nawa kwa maji au sabuni laini ya uso. Sabuni ya mche inayofulia nguo huondoa mafuta ya ngozi na kuiacha imekakamaa, na katika kiangazi cha Dodoma ukavu huo hauponi hadi jioni. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka seramu matone matatu hadi manne, uso na shingo. Subiri dakika moja au mbili. Paka mafuta ya kulainisha ikiwa ngozi ni kavu, subiri tena, kisha sanskrini kwa vile vidole viwili, dakika 15 kabla ya kutoka. Usichanganye seramu na sanskrini kiganjani ili kuokoa muda: utando wa kinga hukatika na namba iliyoandikwa kwenye bomba haina maana tena. Ukiona krimu inajiviringa na kutoa vipande kama vya kifutio, umeweka tabaka nyingi au hukusubiri. Punguza seramu kwanza, kamwe usipunguze sanskrini. Ukiwa nje, rudia kinga kila saa mbili, na mapema zaidi ukitoa jasho au ukijifuta kwa leso.

Usiku osha sanskrini na vumbi, paka peptidi kwenye unyevu, funga kwa tabaka jembamba la mafuta ya mgando. Anayetumia tretinoini aipe usiku wake, tuseme Jumatatu na Alhamisi, na peptidi zibaki kwa siku nyingine. Peptidi ya shaba itenganishwe na vitamini C ya asidi pamoja na asidi za kuchubua. Vipakwe nyakati tofauti, maana asidi huvuruga kifungo cha shaba.

Chupa nayo inataka matunzo. Joto na mwanga huharibu krimu. Iliyokaa kwenye meza ya muuzaji chini ya jua, au kwenye dashibodi ya gari kutoka Dar es Salaam, si ile iliyotoka kiwandani. Chagua yenye pampu kuliko kopo la kuchovya vidole, weka kabatini mbali na dirisha, na fuata ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M, yaani miezi ya kutumia tangu uifungue.

Ikifanya kazi upesi, shuku

Peptidi haing'arishi uso kwa siku saba. Hakuna peptidi ya namna hiyo. Seramu inayofanya hivyo ina kitu kingine ndani, na orodha ya wanaoshukiwa inajulikana: steroidi kali, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Vyote vitatu vimekatazwa katika vipodozi Tanzania. Usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, na bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na orodha ya viambato haifai kupakwa usoni hata kama muuzaji ni ndugu. Ukiona maneno mercury au calomel, yaani zebaki, kwenye lebo, iache hapohapo.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mkorogo na jua ni mchanganyiko mbaya kuliko jua peke yake. Steroidi hukondesha ngozi na kuchora mishipa mashavuni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Anayetumia mkorogo na kununua peptidi ili kurekebisha anaongeza tabaka juu ya sumu. Aende kwanza kwa daktari wa ngozi, kwa mfano katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, na asiache steroidi ghafla bila ushauri, kwani uso huwaka, huvimba na kutoa vipele, na wengi hurudia mkorogo kwa sababu ya wiki hizo za mateso.

Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au kinundu kinachokua haraka usoni, kipelekwe hospitali bila kupakwa chochote. Kwa watu wenye ualbino mjadala wa peptidi usianzishwe kabisa. Kwao jua huleta saratani, na mahitaji ni nguo ndefu, kofia, kliniki ya mara kwa mara na krimu ya kinga kama ile ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao.

Kujua kama inakufaa wewe

Tatizo la kupima peptidi Dodoma ni ukavu. Kuanzia Juni hadi Novemba ngozi hukauka na kutoa mistari midogo ambayo mafuta yoyote huiondoa ndani ya siku mbili. Mtu hupaka seramu yenye gliserini, mistari inapotea, na sifa inakwenda kwa peptidi. Ushuhuda mwingi wa wiki ya kwanza ni unyevu tu.

Kwa hiyo tumia mpangilio wa watafiti. Upande mmoja wa uso weka seramu ya peptidi, upande mwingine gliserini iliyopunguzwa kwa maji, sehemu moja kwa tisa, ukitengeneza kidogo ya siku chache tu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mafuta ya kulainisha na sanskrini yawe sawa pande zote mbili. Dereva asiweke peptidi upande wa kushoto peke yake, maana upande huo tayari una nafuu. Piga picha siku ya kwanza, wiki ya sita na wiki ya kumi na mbili, mahali palepale, saa ileile, mbele ya dirisha, bila tabasamu na bila kichujio cha simu. Chupa ya mililita 30 kwa nusu uso inatosha muda huo ukitumia kama mililita 0.3 kwa siku.

Wiki ya kumi na mbili ikifika, mwonyeshe picha mtu asiyejua upande upi ulipakwa nini, na mwulize upande upi ni laini zaidi kuzunguka jicho. Akitaja upande wa peptidi, endelea nayo. Akishindwa kuchagua au akitaja wa gliserini, fedha ya chupa ya pili inunue bomba jingine la sanskrini.